Tuzo za wasanii Kakuma: fedha mkononi kwanza, kombe baadaye

SWALI: Salamu nyingi, mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wawili, Mkongo wa Kivu Kusini, naishi Kakuma 3, katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Turkana, Kenya. Tuko kamati ya watu tisa: Wakongo, Warundi, Wasudani Kusini na Mturkana mmoja. Tumekusanya shilingi 150,000, nyingi ni michango ya ndugu zetu walioko Australia na Kanada. Tunataka kutoa tuzo kwa wasanii wanaojitegemea, wasio na lebo wala shirika nyuma yao, wale ambao mtaa unawajua kwa mchango wao. Siku hiyohiyo tungependa kuwatia moyo wakimbizi wenzetu wajijenge badala ya kungoja tu ndege ya kuwahamishia nchi ya tatu. Tumepanga makombe matano, vyeti, fulana, mahema na kura za simu, tarehe 20 Juni. Tufanyeje isije ikawa sherehe ya kupiga picha tu? Na mbunge tumwalike?

JIBU: Dada yangu, nianze na hesabu, maana ndipo nia njema za hafla nyingi hupotelea. Soma tena orodha yako: makombe, vyeti, fulana, mahema. Kila kitu hapo kinamlipa mtu ambaye si msanii. Mtengeneza makombe wa mjini atapata chake, mwenye mahema chake, mchapaji wa fulana chake, na yule kijana aliyewafundisha watoto wa mtaa mzima kupiga ngoma bila kudai senti atarudi nyumbani na karatasi. Wiki mbili baadaye karatasi hiyo iko chini ya godoro.

Mimi ni mtu wa Pwani, na kwetu jambo la kumtuza msanii liliamuliwa zamani. Kwenye taarabu, mwimbaji akikugusa moyo unainuka kitini, unakwenda kwa madaha mpaka mbele, unamtunza noti mkononi ukumbi mzima ukitazama. Hakuna fomu wala hotuba. Amemjua aliyemtunza, watu wameshuhudia, na fedha imeingia usiku huohuo. Ninyi Wakongo mna mabanga, ingawa hapo mtoa fedha hununua jina lake litajwe ndani ya wimbo, na mwisho wake wimbo hugeuka orodha ya matajiri. Hilo silipendi sana, lakini angalau mwanamuziki hulipwa fedha, si vyeti.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Msanii wa Kakuma hachezi kwao. Watu walioijua sauti yake tangu utotoni wametawanyika, huyu yuko kambi ya Nyarugusu Tanzania, yule Nakivale Uganda, mwingine Nebraska Marekani. Kamati yenu ndiyo inayoshika nafasi ya hao, na inapaswa kufanya ambalo wao wangelifanya: kumlipa, hadharani, kwa ushuhuda wa watu wanaoijua kazi yake.

Kwa hiyo ningezigawa shilingi 150,000 hivi. Washindi wawe watatu, si watano, kila mmoja apate 30,000. Hiyo ni 90,000. Vyombo vya muziki na jenereta, 20,000, na mkodishe kwa mtu wa hapohapo kambini. Elfu 15 ziende kwa jopo la majaji, nauli ya bodaboda na muda wa maongezi, kwa sababu nitawataka watembee. Elfu 15 nyingine mlipe mpiga picha na mtu wa kurekodi, nitaeleza kwa nini. Elfu 10 zilizobaki ni za dharura, na dharura haikosi. Mahema yaacheni, anzeni saa kumi jioni jua likishapoa, mmalize kabla ya giza ili kina mama na wasichana warudi nyumbani salama. Kama roho inawauma bila kombe, mpeni seremala wa Kakuma achonge vinyago vitatu vidogo. Na yeye ni msanii.

Jambo moja kuhusu malipo kabla sijaendelea. Wakimbizi wengi hutumia laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine, rafiki au mwenyeji, kwa sababu karatasi zao zilichelewa. Ukituma tuzo kwa M-Pesa bila kuuliza, unaweza kuwa umemtuza mtu asiyejua hata kuimba. Ulizeni laini ni ya nani. Ikibidi, lipeni taslimu na msanii atie sahihi mbele ya mashahidi wawili.

Sasa, nani astahili? Mmesema "wale ambao mtaa unawajua kwa mchango wao", na hicho ni kipimo kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuona kwenye fomu za wafadhili, ila kinahitaji miguu. Msikae ofisini mkingoja watu wajaze fomu, maana mtapata wale wanaojua kujaza fomu. Majaji wapite kwa kinyozi, kwa mama wa mandazi, kwenye stendi ya bodaboda, kanisani na msikitini, waulize maswali ya kawaida. Hapa nani hufundisha watoto jioni? Kukiwa na msiba, nani huitwa kuimba? Nani alichora ukuta ule, na alilipwa na nani? Jina likitajwa mara nne na watu wasiojuana, hapo mna mtu.

Na muulize hili pia: huyu hufanya nini mradi unapokwisha? Kuna vijana hodari wa kuimba nyimbo za kunawa mikono na chanjo kwa posho ya shirika. Siwalaumu, ile ni kazi na inalisha nyumba. Lakini anayehudumia mtaa utamjua katika ile miezi ambayo hakuna gari jeupe la shirika linalopita, kama bado watoto wanakutana uani kwake.

Kura za simu zifuteni kabisa. Kakuma na Kalobeyei, makazi ya jirani, zina watu wapatao 300,000 kutoka nchi zaidi ya ishirini. Wasudani Kusini ndio wengi, Wasomali wanafuata, na ninyi Wakongo mko nyuma yao. Kura ya simu hapo itageuka sensa. Atashinda mwenye kabila kubwa na vocha nyingi, na Jumatatu mtakuwa mnasuluhisha ugomvi. Undeni jopo la watu watano wenye lugha mbalimbali, wawili wao angalau wawe wanawake, mmoja awe Mturkana, na mwenye ndugu au mwanafunzi katika orodha akae kando. Wimbo ukiwa wa Kinuer au Kioromo, tafuteni mtu awaeleze maneno yake. Jopo linalosikia Kiswahili na Kiingereza tu litampa tuzo rapa kila mwaka na kuamini limetenda haki.

Hapo kwenye rapa nina neno. Watu wakisikia "msanii anayejitegemea" hufikiria kijana mwenye kofia na biti. Tazameni pembeni. Wanawake wa Sudan Kusini hudarizi milaya, yale mashuka ya maua na ndege, na wengi wao huwafundisha binti zao na binti wa jirani wakiwa wamekaa mkekani, bila mtu kuita darasa. Wapiga ngoma wa Kirundi mnao; ngoma hiyo ya kifalme iliingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika urithi wa dunia usioshikika. Serikali ya Burundi ilitoa amri mwaka 2017 kuwazuia wanawake kuipiga. Amri hiyo haivuki mpaka. Kama Kakuma kuna msichana anayeipiga na kuwafunza wenzake, majaji wasimruke kwa sababu tu wazee wamekunja uso. Na wenyeji, Waturkana, wana ushanga wao na ngoma yao ya edonga. Tuzo isiyowahusisha itasemwa sokoni kuwa ni karamu nyingine ya wageni katika ardhi yao, na watakaosema hivyo hawatakuwa wamekosea sana. Kalobeyei ilianzishwa kwa wazo kwamba mwenyeji na mkimbizi wagawane shule na soko. Jukwaa nalo waligawane.

Nije kwenye jambo ambalo naliona likiharibu tuzo nyingi za wakimbizi kuliko ukosefu wa fedha. Msanii anapanda jukwaani, na kabla hajafungua kinywa mshereheshaji anamwambia: tueleze ulivyokimbia. Anaanza kusimulia usiku ule, kamera zinasogea, mtu analia, na kazi yake iliyomleta pale haisemwi tena. Mtu asilipie tuzo kwa machozi. Mtajeni kwa kazi: amefundisha watoto kadhaa kuchora, ametengeneza ngoma zake mwenyewe kwa mapipa, huimba kwenye misiba ya mataifa yote. Akitaka kuieleza safari yake, ni yake, na atachagua siku.

Hili si la heshima pekee, ni la usalama pia. Wako waliokimbia serikali, na wako waliokimbia watu wenye bunduki wanaotumia simu kama sisi. Picha yenye sura na jina kamili ikiwekwa Facebook jioni inaweza kufika kijijini kwake usiku huohuo, na mama yake bado yuko huko. Kwa hiyo kila mshiriki aulizwe mapema: tutumie jina lako au jina la kisanii? Sura ionekane? Andikeni jibu, na akibadili mawazo baadaye, mfute bila kumuuliza sababu. Picha za watoto zisisambazwe mtandaoni kabisa.

Sasa nielekee kwenye haki, na hapa utaniwia radhi nitakaa kidogo, kwa sababu ndiyo kazi yangu na ndipo wasanii wa kambini wanapopoteza mali nyingi bila kujua.

Wakimbizi wengi huamini kwamba kwa kuwa hawana uraia, hawana hakimiliki. Si kweli. Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, kifungu cha 14, unasema kwamba kwa kazi za fasihi, sanaa na sayansi, mkimbizi apewe katika nchi anakoishi ulinzi uleule wanaopewa raia wa nchi hiyo. Uleule, bila kupunguzwa. Kenya ilijiunga na mkataba huo mwaka 1966. Na hakimiliki haihitaji kusajiliwa ndipo izaliwe. Wimbo ukisharekodiwa au mchoro ukishachorwa, haki ipo, na kwa Kenya hudumu maisha yote ya msanii na miaka 50 baada ya kifo chake. Kusajili kwenye Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, ni ushahidi mzuri siku ya ugomvi, na nawashauri wafanye, lakini asiyesajili hajapoteza chochote.

Ila sheria hiyohiyo ya Kenya ina mlango wa nyuma. Mtu akikuagiza kazi, hata kama hujaajiriwa naye, sheria inachukulia kwamba haki imehamia kwake, isipokuwa mmekubaliana vingine. Fikiria maana yake Kakuma. Shirika linamwita mwimbaji, linamwambia tutungie wimbo wa amani, linampa posho ya siku mbili. Wimbo unapendwa, unatumika kwenye video za kuombea fedha ulaya na Marekani, na msanii hana hata nakala nzuri ya kumpelekea redio. Akilalamika, karatasi haipo. Hakuna aliyemwibia kwa mujibu wa sheria. Aliitoa mwenyewe bila kujua.

Dawa yake ni ukurasa mmoja, na hiyo ndiyo zawadi ambayo kamati yenu inaweza kuitoa bila gharama. Andikeni makubaliano mafupi kwa Kiswahili, ambayo msanii yeyote anaweza kuyatoa mfukoni anapoitwa kazini: haki inabaki kwa msanii; mwagizaji anaruhusiwa kuitumia kazi kwa jambo fulani na kwa muda fulani, tuseme mwaka mmoja; jina la msanii litajwe kila itumikapo; msanii apewe faili kamili za rekodi ndani ya wiki mbili; malipo ni kiasi fulani. Sahihi mbili, tarehe, basi. Siku ya hafla chapeni nakala za kutosha na mzigawe kama watu wanavyogawa vipeperushi. Mashirika yenye adabu yatasaini. Yasiyotaka, msanii angalau atajua amekaa na nani.

Na ninyi wenyewe muanze. Zile 15,000 za mpiga picha na mrekodi nilizitenga kwa sababu hiyo. Onyesho la kila msanii lirekodiwe vizuri, sauti safi, picha tano au sita zinazofaa, na vyote apewe kwenye kadi ya kumbukumbu, viwe vyake. Kwa msanii asiye na meneja hiyo ndiyo barua yake ya kuombea kazi, kwa mwenye ukumbi wa Lodwar, kwa tamasha la Nairobi, hata huko Kanada siku ndege ikija kweli.

Kuhusu karatasi nyingine nitapita haraka. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, imempa mkimbizi haki ya kufanya kazi na biashara, na kibali cha kazi cha daraja M hutolewa bila ada. Kukipata huchukua muda na safari za ofisini, kwa hiyo mshindi asingoje aitwe Nairobi ndipo aanze. Ili kutoka kambini anahitaji ruhusa ya kusafiri kutoka Idara ya Huduma za Wakimbizi, na barua ya mwaliko yenye tarehe na jina la ukumbi husaidia. Kamati yenu ijitolee kuandika barua hizo kwa washindi mwaka mzima. Ni karatasi na muhuri tu, lakini vijana wengi wamekosa shoo kwa kukosa mtu wa kuwaandikia.

Nusu ya pili ya swali lako ndiyo ngumu zaidi: kuwatia moyo wakimbizi wajijenge. Nitasema wazi, hotuba msiweke. Mwaka 2025 chakula cha mgao kilikatwa mpaka watu wakaandamana, na mwaka huohuo, mwezi Januari, Marekani ikasimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, familia zilizokwisha uza vitu vyao zikaachwa na mabegi mlangoni. Ukisimama mbele ya watu hao na kuwaambia wawe wastahimilivu, watakupigia makofi kwa heshima na kukucheka wakifika nyumbani. Wamestahimili kuliko mimi na wewe tunavyoweza kuhubiri.

Wala usiwaambie waache kungoja. Anayengoja ndege ana sababu zake, hata kama katika mwaka mmoja chini ya mkimbizi mmoja kati ya mia duniani ndiye hupata nchi ya tatu. Kinachomtia mtu moyo ni kumwona jirani yake, mwenye kadi ya mgao kama yake, akilipwa kwa kazi aliyoifanya hapahapa, halafu akapata njia ya kuijaribu kazi ile mwenyewe. Tuzo yenu inaweza kufanya yote mawili.

Katika zile 30,000 za kila mshindi, elfu 20 ziwe zake kabisa, atumie anavyotaka, asiulizwe risiti. Elfu 10 ziwe malipo ya kufundisha vipindi sita katika miezi miwili inayofuata. Nasema malipo, kwa sababu hatari ya tuzo ya "msanii anayejali jamii" ni kumfanya aone haya kudai chochote tena. Miaka yote amefundisha bure, mkimpa kombe kwa hilo mtakuwa mmemfunga kamba. Mlipeni afundishe, watu waone kwamba kufundisha nako ni kazi. Majina ya wanaotaka kujifunza yaandikwe palepale uwanjani, moto ukiwa bado unawaka.

Kisha wekeni meza moja ya oda. Uchunguzi wa IFC, taasisi iliyo chini ya Benki ya Dunia, uliotoka mwaka 2018 ulikadiria kwamba kambi ya Kakuma ina biashara zaidi ya 2,000, na kwamba uchumi wa kambi pamoja na mji wa Kakuma ni kama shilingi bilioni 6 kwa mwaka. Hizo ni bilioni za watu wanaonunua na kuuziana sukari, nguo, simu, nyama ya ngamia. Kila duka lina ukuta na lina jina. Mchoraji wenu mshindi hahitaji kwanza maonyesho ya Paris. Anahitaji wenye maduka kumi wa soko la Wahabeshi na la Wasomali wamwagize vibao. Mwimbaji anahitaji harusi na matangazo ya duka. Mama wa milaya anahitaji oda za maharusi. Wafanyabiashara waalikwe kama wateja, wakae karibu na meza hiyo, na mwenye daftari awe mtu mwenye mwandiko unaosomeka. Soko la mbali litakuja likitaka. La karibu liko hatua mia kutoka jukwaani na halijaombwa.

Kama mnataka mfano wa kuwaeleza vijana, chukueni huu wa kwenu wenyewe. Mwaka 2016, timu ya kwanza ya wakimbizi ilipoingia Olimpiki kule Rio, ilikuwa na wanamichezo kumi, na watano kati yao walikuwa wakimbiaji wa Sudan Kusini waliotoka Kakuma. Rose Nathike Lokonyen ndiye aliyebeba bendera. Watu hukumbuka bendera. Mimi napenda wakumbuke yaliyotangulia: Tegla Loroupe, mwanariadha wa Kenya, na watu wake walikuja Kakuma kufanya majaribio, wakawachukua waliofaa hadi kambi ya mazoezi Ngong, wakawapa kocha, chakula na viatu. Sifa ilikuja mwishoni, juu ya kazi iliyokwisha pangwa. Sanaa haijapata Ngong yake, ingawa kule Bidi Bidi, kaskazini mwa Uganda, mwaka 2023 kulifunguliwa kituo cha sanaa za maonyesho chenye studio na ukumbi, ndani ya makazi ya wakimbizi yenyewe. Ninyi hamna fedha za kujenga ukumbi. Mna vipindi sita mara tatu, na hiyo si haba.

Au muwaeleze Abdullahi Mire. Alikulia Dadaab, akapelekwa Norway, ndege ile ambayo kila mtu anaingoja aliipata. Akarudi Kenya, akaanza kukusanya vitabu kwa ajili ya watoto wa kambi ile aliyotoka, mpaka vikafika 100,000, na mwaka 2023 UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, ikampa Tuzo ya Nansen. Vitabu vilikuwa vimeshafika mikononi mwa watoto kabla UNHCR haijamtaja. Majaji wenu wanatafuta watu wa namna hiyo, wa kiwango cha mtaa.

Tarehe 20 Juni badilisheni. Najua ni Siku ya Wakimbizi Duniani na inavutia, lakini siku hiyo kila shirika lina hema lake, vyombo vyote vimekodishwa, na wasanii mnaowataka watakuwa wameshaitwa kuimba kwa posho. Mkiwavutia kwenu mnawakosesha ugali, mkiwaacha jukwaa lenu litakuwa tupu. Jumamosi moja ya likizo ya Agosti ni bora zaidi: walimu wapo huru, watoto wapo, na mtapata miezi miwili ya ziada ya kutembea na kuuliza.

Mbunge mwalikeni, na mwakilishi wadi pia, maana leseni za wenye maduka mnaotaka waagize vibao hutolewa na kaunti, na ni vizuri wakutane hapo. Wapeni dakika tatu kila mmoja, ziandikwe kwenye ratiba watakayotumiwa mapema, na mwenye vyombo aelezwe kwamba dakika ya nne anazima maikrofoni. Msimwachie kijana wenu kazi hiyo ya kuzima. Mpeni mzee mmoja wa Kiturkana, hapo hakuna atakayebisha.